Majina saba

Kijiwe chetu cha Temeke kilikuwa chini ya mwembe, kati ya banda la fundi baiskeli na ukuta wa duka la Mangi. Kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Sijui nani alianza, ila Yanga walikaa upande wa mwembe na Simba upande wa ukuta, na muuza kahawa akaweka jiko na dele lake katikati. Mimi nilikuwa wa ukuta. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea tangu darasa la tatu, alikuwa wa mwembe.

Jioni ninayoisema ni ya mwaka 2018, siku chache kabla ya Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kwenda Kampala kucheza na Uganda kutafuta tiketi ya AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika. Nilitoka kazini, nikawaamkia wazee, wala hakuna aliyeniitikia. Wote walikuwa wameinamia simu ya kijana mmoja wa bodaboda. Kocha Emmanuel Amunike, ambaye ndiyo kwanza amekabidhiwa timu, alikuwa amewatema wachezaji sita wa Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini. John Bocco, Jonas Mkude, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni, Shiza Kichuya, Hassan Dilunga. Kijana alisoma taratibu, na kila jina lilipotajwa upande wa mwembe walipiga makofi.

“Nidhamu kwanza!” alipaza sauti mzee mmoja. “Sheria ni msumeno!”

Upande wetu ulichachamaa. Kwamba kocha katumwa. Kwamba mchezaji ana mabosi wawili, klabu na taifa, na wakivutana anayeumia ni yeye. Kwamba Kampala hatuendi kwenye sherehe, tunakwenda vitani, na vitani huachi bunduki nyumbani kwa sababu ililetwa jioni badala ya asubuhi. Mimi mwenyewe nilisema hayo ya bunduki, na niliyaamini.

“Subirini,” kijana wa bodaboda akasema. “Kuna wa saba. Feisal Salum.”

Fei Toto, wa Yanga.

Kimya kilichofuata nakikumbuka hadi leo. Ulisikia vikombe vya kahawa vikigongana mkononi mwa muuzaji. Kisha yule mzee wa msumeno akasema Feisal bado kijana mdogo, kocha angemwonya tu. Na kwetu, watu waliokuwa wanamtukana Amunike dakika mbili nyuma, wakaanza kumwona kuwa mtu wa haki. Nilitazama mabenchi yote mawili, nikaona kwamba hatukuwa tunabishana habari ya nidhamu hata kidogo. Tulikuwa tunabishana habari ya jezi. Iliniuma, kwa sababu swali lenyewe ni zito na lilistahili watu wazima walijibu.

Aliyelirudisha swali mahali pake ni Mjomba. Alikumbusha enzi za kocha wa Stars Marcio Maximo, yule Mbrazili, alivyomwacha Juma Kaseja wa Simba na nchi nzima ikagawanyika, kipa hodari yuko nyumbani huku Stars inacheza. “Mimi Yanga,” akasema, “lakini Kaseja nilimlilia. Kwa hiyo msiniambie nashangilia Simba kukatwa. Nauliza, mtu akijua kwamba bila yeye timu haiendi, atawahi kambini kwa sababu gani?” Halafu akaongeza kwamba Amunike si mtu wa kuokota njiani. Ndiye aliyeifungia Nigeria mabao mawili kwenye fainali ya Mataifa ya Afrika mwaka 1994 dhidi ya Zambia. Anakijua kipaji, na anajua kinalelewaje.

Fundi baiskeli, Simba mwenzangu, akamjibu kwa adabu. “Mzee, Nyoni ndiye aliyetufungia kule Ouagadougou mwaka 2007, tukawapiga Burkina Faso kwao. Miaka kumi na moja anavaa jezi ya taifa. Huyo naye afunzwe nidhamu kwa kuachwa?” Hoja hiyo ilinipata. Mtu aliyetumikia muda mrefu ana akiba yake kwa watu, na akiba ni ya siku kama ile.

Ndipo muuza kahawa, ambaye hakuwa na timu, au hakuwahi kuisema, akamimina kikombe na kuuliza, “Sasa namba mbili, beki ya kulia ya Kapombe, atacheza nani?”

Hakuna aliyejua. Majina ya walioitwa kuziba nafasi yalikuwa palepale kwenye simu, chini ya yale saba, na kijana alikuwa hajafika huko. Hatukumwomba asome.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasimulia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nilipokuwa kidato cha tatu timu yetu ya mtaa ilicheza kombe la mbuzi. Namba saba wetu alikuwa kijana mwenye mguu ambao sijauona tena; mpira ulikuwa ukimtii kama kuku anavyomfuata anayemwaga mtama. Mazoezini haonekani. Kocha akamsimamisha, akaniingiza mimi. Nilicheza mechi tatu. Kila alfajiri nilikuwa wa kwanza uwanjani, nikipanga mawe ya kukimbilia kabla wenzangu hawajafika. Siku ya fainali, timu zinajiandaa kuingia, yule kijana akatokea na viatu vyake begani. Watu wakaanza kuliimba jina lake. Kocha akanijia, akaniambia vua.

Niliivua. Ilikuwa jezi ya bluu, namba saba ya kushonwa kwa mkono, mguu wa saba umeachia uzi. Akaivaa ikiwa bado na joto langu. Akafunga, tukachukua mbuzi, na mimi nyama niliila pamoja na wenzangu. Kesho yake sikwenda mazoezini, wala wiki iliyofuata.

“Kila tukikaa hapa tunamjadili aliyechelewa,” nikawaambia. “Aliyewahi hatumjadili.”

Mjomba alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. “Siku ile na mimi nilikuwepo,” akasema. “Mimi ni katika wale walioimba aingie.” Akanyamaza kidogo. “Sikujua kwamba jezi ni yako, mjomba.”

Hakusema zaidi. Aliinuka, akavuka jiko, akaja kukaa upande wa ukuta, karibu yangu, mpaka adhana ya isha.

Kampala tulitoka 0-0. Baadaye Nyoni akarudishwa kikosini, na tarehe 24 Machi 2019 Mangi alitoa televisheni yake nje, Uganda wakiwa Dar es Salaam. Simon Msuva akafunga la kwanza. Kipindi cha pili ikapatikana penalti na aliyeuchukua mpira ni Nyoni. Mjomba alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikaniuma. Ulipoingia, alipiga kelele kuliko wote, na mimi nikamkumbatia. Aggrey Morris akaongeza la tatu, na kwa mara ya kwanza tangu 1980 Tanzania ikafuzu.

Watu wakamwagika barabarani, bodaboda zinapiga honi, kashata za muuza kahawa zimekanyagwa na hajali. Mjomba alibaki amekaa. Akamwita yule kijana wa bodaboda, akamwambia, “Hebu nisomee na wale waliokaa benchi leo.”

Kijana akatafuta kwenye simu, akamsomea, jina moja moja, mpaka la mwisho.