Siku moja maishani mwangu: bendera tatu za mizani

Saa 12:15 asubuhi. Baridi ya Julai hapa Dodoma hupenya sweta, kwa hiyo naharakisha kutoka nyumbani Nkuhungu kwenda kituo cha daladala, nikiwaza tatizo nililolala nalo: mizani ya ghala moja la alizeti ilitoa kibali cha uzito ilhali kebo ya kihisio ilikuwa imechomoka. Mizani ya namna hiyo humdhulumu mkulima, na kiendeshi chake, yaani programu inayoiendesha, nakitunza mimi.

Saa 2:00. Nimefika karakana. Kompyuta ya mizani hukokotoa uzito kwa kichakataji saidizi cha hesabu cha ukoo wa 8087 ya mwaka 1980. Ingawa tangu 486DX ya mwaka 1989 kimewekwa ndani ya kichakataji kikuu, bado kina rejista yake ya hali (hifadhi ndogo ya biti zinazoeleza matokeo), na bendera zake, yaani biti za alama C0, C2 na C3, hazionekani na amri za kuruka, zile zinazoamua programu iendelee wapi, mpaka zihamishwe: amri FNSTSW huzileta katika AX, rejista ya kichakataji kikuu, kisha SAHF hunakili AH, nusu ya juu ya AX, kwenye bendera kuu, ambapo C0 huwa CF, C2 huwa PF na C3 huwa ZF.

Saa 4:30. Nachomoa kebo kwa makusudi. Ishara ni sifuri na volti ya rejea ni sifuri, na sifuri kwa sifuri huzaa thamani isiyo namba. Baada ya amri ya FCOMP kuilinganisha na uzito wa juu unaoruhusiwa, rejista ya hali inasomeka 4501 kwa heksadesimali, ambapo kila tarakimu ni biti nne. Naiandika kwenye daftari na kuigawa biti kwa biti: 4 ni C3, 5 ni C2 pamoja na C0, na 1 ya mwisho ni alama ya tendo batili, ambayo hubaki imewaka mpaka ifutwe kwa amri ya FNCLEX. Bendera zote tatu kuwaka kwa pamoja maana yake ni kwamba thamani hizo hazilinganishiki. Lakini kiendeshi kiliuliza JB peke yake, amri ya kuruka ikiwa namba ni pungufu; JB ikaiona CF imewaka, ikajibu "ni pungufu", na kibali kikatoka.

Saa 7:00 mchana. Wali na maharage.

Saa 8:00. Naweka JP, amri ya kuruka inayotazama PF, mbele ya JB, ili swali la kwanza liwe kama kuna jibu lolote. Mwenzangu anauliza, "Dada, kwa nini usikague namba yenyewe kabla ya kulinganisha?" Ni swali la haki, ila naona ulinzi ukae palepale uamuzi unapofanyika, kwa sababu ukaguzi wa mbali husahaulika msimbo unapobadilishwa.

Saa 9:40 alasiri. Nakuta kosa la pili, ambalo limenitia hofu zaidi. Kishughulikiaji cha ukatizaji wa saa, yaani kipande cha programu kinachokatiza kazi nyingine kila saa ya kompyuta inapopiga, kinafanya hesabu za desimali bila kuhifadhi chochote. Ukatizaji unapoingia, kichakataji huhifadhi bendera kuu chenyewe, lakini hali ya kichakataji saidizi hakiigusi. Ukiangukia kati ya FCOMP na FNSTSW, jibu la mizani hufutwa na jibu la saa. Ningeweza kutumia FNSAVE na FRSTOR kuihifadhi na kuirejesha hali hiyo, baiti 108 kila mara, lakini nimechagua kuandika upya hesabu za saa kwa namba kamili.

Saa 11:20 jioni. Mzee wa ghala amekuja kushuhudia jaribio. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, chomoa tena." Nachomoa. Kioo kinaandika HITILAFU YA KIHISIO, na kibali hakitoki.