Siku Utando Ulipolegea

Kwa gesi moja moja, utando wetu wa kuondoa kaboni dioksaidi kwenye gesi asilia ulikuwa unatamba. Tuliupima kwa kaboni dioksaidi peke yake, kisha methani peke yake, na hesabu ikaonyesha kwamba kaboni dioksaidi inapenya zaidi ya mara 30 kuliko methani. Mwalimu alizitazama namba zile, akasema, "Gesi hizi bado hazijakutana. Zichanganyeni, mpandishe presha, halafu mje."

Utando wenyewe ulikuwa wa poliimidi, aina ya polima, yaani plastiki ya minyororo mirefu ya molekuli. Tuliiyeyusha, tukaimwaga juu ya kioo, na ilipokauka tukaibandua kwa maji: ngozi nyembamba ya manjano, inang'aa, haina hata tundu moja. Wengi hudhani ni chujio. Sivyo. Gesi huyeyuka ndani ya polima upande wenye presha kubwa, hujipenyeza katikati ya minyororo yake, ikatokea ng'ambo. Kaboni dioksaidi hushinda kwa mawili: molekuli yake ni nyembamba zaidi, nanometa 0.33 dhidi ya 0.38 za methani, tena huyeyuka humo kwa urahisi zaidi.

Tukafungulia mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Kila tulipopandisha presha ilibidi tungoje mambo yatulie ndipo tupeleke sampuli ya gesi iliyopenya kwenye kromatografu, mashine inayotenganisha gesi na kupima kiasi cha kila moja, kazi ya kuchosha kuliko zote ninazozijua maabara. Kwenye karatasi vilitokea vilima viwili: kirefu cha kaboni dioksaidi, na cha methani kilichokuwa hakionekani vizuri. Presha ikazidi kupanda, na kile kidogo kikaanza kunenepa. Mwenzangu akakagua viungo vyote akitafuta mahali panapovuja. Hapakuvuja.

Ilikuwa kaboni dioksaidi yenyewe. Ilikuwa imejaa ndani ya polima kiasi cha kuivimbisha, minyororo ikaachiana, na methani, ambayo peke yake isingethubutu, ikapita mlango uliofunguliwa na mwenziwe. Kwa gesi asilia hiyo ni hasara tupu, maana methani ndiyo unayotaka kuuza.

Tukashusha presha. Nilitarajia utando ujirudi, lakini haukujirudi upesi. Uwezo wake wa kutenganisha gesi ulibaki chini ya ule wa mwanzo. Mwalimu hakushangaa hata kidogo. Akataka kipande kingine kichomwe kwanza kwenye tanuri, bila oksijeni, ili minyororo ikazane kabla ya kukutana na gesi yoyote. Jioni ile ile tukaanza kukiandaa.