Siku moja jikoni kwetu Upanga: karanga kuanzia alfajiri mpaka jioni

Saa 12 asubuhi nishafika jikoni, na kitu cha kwanza kabla hata ya chai ni kuangalia sabudana, zile punje nyeupe za wanga, iliyolowekwa jana usiku. Nachukua punje moja naibinya kwa vidole, ikisagika yote bila kiini kigumu katikati basi iko tayari. Ukiloweka kwenye maji mengi imekula kwako, maji yanatakiwa yalingane tu na punje, na kabla ya hapo uwe umeisuuza mpaka ule weupe wa wanga uishe. Hizi punje ni muhogo jamani, muhogo huuhuu tunaochoma barabarani, kule Tamil Nadu, kusini mwa India, wanaukamua wanga wake wanautengeneza vidonge vidogo vyeupe. Sisi hapa tunapika chakula cha Asia kisicho na nyama wala samaki, na leo ni Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi wa Wahindu, wateja wetu wengi wamefunga hawagusi nafaka, kwahiyo sabudana khichdi ndo itatoka kwanza.

Saa 1 ni karanga, na hapa sitaki mtu aniharakishe. Nazimwaga kwenye ungo nachagua moja moja, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, zote nje. Ule ukungu unaleta sumukuvu na kukaanga hakuiondoi, sasa wewe umpikie mtu aliyekuamini halafu umuwekee sumu kisa kubana matumizi? Hapana. Zilizopita mtihani nazigawa. Fungu moja linabaki bichi na maganda yake, la pili nalikaanga kavu kwenye kikaango kizito moto mdogo huku nageuza bila kuacha, na naliepua mapema kidogo kabla rangi haijakolea maana karanga zinaendelea kuiva zenyewe hata ukishazitoa motoni. Zikipoa nazisugua kwa kitambaa, napeta, maganda yanaruka.

Ukiniuliza siri ya karanga kwenye mapishi ya Asia ntakujibu iko kwenye saizi ya punje na wakati wa kuitia. Wengi wanazinyunyizia juu kama pambo wanaona wamemaliza. Kwenye chakula kisicho na nyama karanga ndo zinabeba sahani, karibu robo ya uzito wake ni protini, na kila nchi imezipa kazi yake.

Saa 2 na nusu naingia kwenye khichdi. Karanga zilizokaangwa nazitwanga chenga chenga, zisiwe unga, nachanganya na sabudana, chumvi na sukari kidogo KABLA ya kwenda motoni. Zile chenga zinaivaa kila punje, zinanyonya unyevu, ndo maana haigandani. Samli, jira, pilipili mbichi, viazi vilivyokatwa vidogo, kisha sabudana. Punje zikianza kung'aa kama kioo zima moto papo hapo, ukizidisha inakuwa gundi. Ndimu, dania, basi. Kitunguu wala thomu haviingii, ni siku ya mfungo.

Kuna bibi mmoja wa Kisutu hupenda kuja mwenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo umetia njugu za kutosha?" Anaonja hapohapo mlangoni, akitikisa kichwa kulia kushoto najua mambo safi.

Saa 4, gado-gado ya maofisini, zile mboga za Indonesia zenye sosi ya karanga. Lile fungu la karanga bichi ndo zamu yake, Wajava kwa sosi hii wanazikaanga kwenye mafuta na maganda yake, ndo maana inakuwa nzito na rangi ya kahawia. Natwanga kwenye kinu na thomu, pilipili, sukari guru, ukwaju, majani ya ndimu, nalegeza kwa maji ya moto. Halafu hapa mtu asiyekula nyama awe macho: sosi hii kule Jakarta mara nyingi ina terasi, yaani uduvi uliochachushwa, na zile krispi wanazoweka juu nyingi zina kamba ndani. Mtu anaona mboga tupu anadhani yuko salama! Mi terasi siweki kabisa, natia soya sosi, na juu naweka krispi za muhogo. Chini kuna kabichi, mchicha, maharage machanga, choroko zilizochipua, viazi, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kukaanga.

Saa 6 mpaka saa 8 hapakaliki, simu, bodaboda wamejaa getini. Kila mteja mgeni namuuliza kama karanga zinamdhuru, na namwambia wazi kwamba jiko letu zima lina karanga, vyombo, mafuta, hewa, kama zinamdhuru asile kwetu. Mzio wa karanga unaua.

Katikati ya hizo fujo natoa tofu ya gongbao ya Sichuan, China, inaitwa hivyo kutokana na cheo cha Ding Baozhen, gavana wa huko enzi za utawala wa kifalme wa Qing. Ya asili ni ya kuku. Pilipili kavu na pilipili ya Sichuan ile inayotia ganzi ulimi zinapita kwenye mafuta, tofu, tangawizi, sosi ya soya na siki na sukari, sosi ikishashika ndo namwaga karanga nzima, nageuza mara mbili naepua. Ukizitia mapema zinalainika na utamu wote umepotea, kwenye sahani hii karanga lazima ilie mdomoni.

Saa 9 tunakula wenyewe, tunaosha.

Saa 10 jioni naandaa bagara baingan ya kesho, mchuzi wa vibiringanya wa Hyderabad, India. Karanga, ufuta na nazi kavu nakaanga kila kimoja peke yake, maana ufuta unaungua karanga bado hata hazijashtuka. Nasaga vilainike kabisa, natia ukwaju, na vibiringanya vidogo nimevichanja msalaba bila kukata kikonyo visiachane. Hapa karanga haionekani kabisa, imekuwa uzito wa mchuzi. Moto mdogo mpaka mafuta yaelee juu, halafu nafunika, mchuzi huu ukilala unakuwa mtamu zaidi, kwahiyo wa kesho mchana wawahi kuagiza.