Katalogi Iliyogoma Kuhama

Mwaka 2019 mkutubi mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa amekaribia kustaafu, aliniomba nimhamishie katalogi yake ya vitabu kutoka kwenye kompyuta yenye Windows XP kwenda kwenye kompyuta mpya yenye Windows 10. Programu ya katalogi ilikuwa imeandikwa kwa Delphi, zana ya kutengenezea programu, mwishoni mwa miaka ya tisini, na waliokuwa wakiiuza walikuwa wameacha biashara hiyo zamani, kwa hiyo hapakuwa na toleo jipya la kununua wala mtu wa kumpigia simu. Diski ya kompyuta ya zamani ilikuwa imeanza kukwaruza kila ilipowashwa. "Mwanangu," aliniambia, "hiyo programu usinibadilishie. Nataka ile ile, na vitabu vyangu vyote viwemo."

Kabla ya lolote jingine nilinakili folda nzima ya programu kwenye diski ya nje, kwa maana diski ikishaanza kukwaruza haiaminiki tena. Ndipo nikaingiza CD ya kusakinishia kwenye kompyuta mpya, na Windows ikakataa papo hapo, ikisema kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa humo. Ujumbe huo ungeweza kumkatisha mtu tamaa, lakini haukuihusu katalogi yenyewe. Ulikihusu kisakinishi chake tu. Programu nyingi za miaka ile zilikuwa za biti 32 (biti ni kipimo cha ukubwa wa data ambayo prosesa huishughulikia kwa mkupuo mmoja), ilhali visakinishi vyake viliachwa vikiwa vya biti 16 ili viweze kufunguka hata kwenye Windows 3.1 na kumweleza mteja kwamba anahitaji mfumo mpya zaidi. Windows ya biti 64, kama ile ya kompyuta mpya, haina kabisa sehemu ya kuendeshea programu za biti 16. Prosesa ikishaingia katika hali yake ya biti 64, haiwezi tena kujifanya 8086, prosesa ya zamani, kwa namna ambayo programu za DOS, mfumo uliotangulia Windows, ziliitegemea, na mfumo mdogo uliokuwa ukizihudumia programu hizo umeondolewa wote. Programu ya biti 32 bado inapokelewa vizuri. Mlango tu ndio uliokuwa umezibwa. Nyumba ilikuwa nzima.

Rafiki yangu mmoja mwenye ujuzi alinishauri niache kuhangaika, niweke mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu, yenye Windows XP ndani ya Windows 10, niendeshe katalogi humo. Ushauri huo haukuwa mbaya, na kwa programu ya biti 16 tupu ningeufuata. Hata hivyo, Windows XP iliacha kupewa masahihisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na tena sikutaka mama huyo awe anawasha kompyuta moja ili awashe nyingine ndani yake, kisha akumbuke kuzizima zote mbili kwa mpangilio unaotakiwa. Niliona afadhali kuhamisha programu ikiwa imekwisha kusakinishwa, yaani kuibeba folda yake jinsi ilivyo pamoja na kila ilichokitegemea.

Ilichokitegemea hasa ni Borland Database Engine, injini ambayo watu wa Delphi waliizoea kwa jina la BDE, na ambayo ndiyo iliyokuwa ikisoma na kuandika majedwali ya vitabu ya aina ya Paradox. Niliinakili folda ya injini hiyo pia, nikatoa sehemu yake ya sajili ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu, kutoka kwenye kompyuta ya zamani, nikaiingiza kwenye mpya. Programu ilipofunguliwa ikalalamika kwamba injini haipo, ingawa niliiona kwa macho yangu kwenye diski. Sababu ni kwamba Windows ya biti 64 ina sajili mbili zilizo ubavuni mwa nyingine: programu ya biti 32 inapouliza habari zilizo chini ya SOFTWARE, mfumo huipeleka kimyakimya kwenye tawi liitwalo WOW6432Node, na faili lililotoka kwenye Windows ya biti 32 halina habari na tawi hilo. Nilifungua faili la sajili kwa kihariri cha maandishi, nikaongeza jina la tawi kwenye kila njia, nikaliingiza upya, na injini ikaonekana.

Kikwazo kilichofuata kilihusu faili dogo liitwalo PDOXUSRS.NET, ambalo injini hulitumia kujua nani amefungua jedwali gani ili watu wawili wasiandikiane juu. Hapo zamani ilikuwa kawaida kuliweka faili hilo kwenye mzizi wa C:, yaani nje ya folda zote, na hakuna aliyeuliza. Tangu Windows Vista mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda faili kwenye mzizi wa diski ya mfumo, kwa hiyo injini ilirudisha ujumbe unaotaja mtandao, kwenye kompyuta ambayo haikuwa imeunganishwa na mtandao wowote. Nilifungua BDE Administrator, programu ya kupangia mipangilio ya injini, kwa mamlaka ya msimamizi, maana bila mamlaka hayo mabadiliko hayafiki kwenye faili halisi la mipangilio, nikauelekeza mpangilio wa NET DIR, unaosema faili hilo dogo likae wapi, kwenye folda ya kawaida. Katalogi ikafunguka, ikiwa na orodha yake ya kijivu na vitufe vyake vyenye picha za vitabu vidogo. Mama alicheka kwa furaha, akaanza kazi hapo hapo.

Shida kubwa kuliko zote ilijitokeza baadaye, wakati ambapo hapakuwa na ujumbe wowote wa hitilafu. Mkutubi alikuwa ameingiza vitabu vipya asubuhi nzima, lakini msaidizi wake alipoingia mchana kwa akaunti yake mwenyewe hakukiona hata kimoja. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake hakuhifadhi kazi. Nilipoitwa, nilifungua katalogi kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuiendesha kama msimamizi, na sote watatu tukashangaa: vitabu vya mama havikuwamo, vya msaidizi navyo havikuwamo, na rekodi ya mwisho ilikuwa ile ile ya siku ya kuhama. "Sasa ndio vimeliwa vyote," alisema mama, akavua miwani.

Havikuliwa. Nilikuwa nimeiweka folda ya katalogi ndani ya Program Files, kama ilivyokuwa kwenye Windows XP, na Windows za sasa hazimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika humo. Badala ya kuikatalia programu ya zamani na kuiacha ianguke, mfumo huifanyia hisani ya ajabu: humtengenezea kila mtumiaji nakala yake ya faili katika folda iliyofichika iitwayo VirtualStore, na kuifanya programu iamini kwamba imeandika mahali pake pa siku zote. Programu ikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, hisani hiyo huondolewa, nayo huliona faili la asili. Hivyo kompyuta moja ilikuwa na katalogi tatu, na kila moja ilijiona ndiyo ya pekee. Ninaelewa nia ya waliobuni utaratibu huo, kwani umeziokoa programu nyingi zisizo na mtu wa kuzirekebisha; lakini kwa programu inayotunza data ya watu kadhaa, ningependelea mara mia kukataliwa waziwazi.

Kuziunganisha katalogi hizo kulitaka subira. Programu hutoa namba ya kitabu kwa kuongeza moja kwenye namba ya mwisho, na kwa kuwa nakala zote mbili zilianzia mahali pamoja, namba zilikuwa zimegongana: 8412 ilikuwa atlasi kwa mama na kamusi ya tiba kwa msaidizi, na vitabu vyote viwili vilikuwa vimekwisha kubandikwa lebo zake migongoni. Tulikubaliana kwamba namba za mama zibaki. Msaidizi alizitaja rekodi zake kwa sauti, mimi nikaziingiza upya kwa namba mpya, na mama akawa anabandua lebo za zamani kwa ukucha na kuandika nyingine kwa ule mwandiko wake wa kulala. Kisha niliihamisha katalogi yote hadi kwenye folda iliyo nje ya Program Files, nikawapa watumiaji wote ruhusa ya kuandika humo, nikairekebisha njia ya majedwali kwenye mipangilio ya injini, na nikazifuta nakala zilizokuwa VirtualStore baada ya kuzihifadhi kando. Kuanzia hapo wote wawili waliona vitabu vile vile.

Maelekezo ya programu, yaliyokuwa kwenye faili la aina ya .hlp, hayakufunguka kamwe kwa sababu Windows 10 haina kisomaji chake. Niliyageuza kuwa maandishi ya kawaida, nikayachapisha, na hakuna aliyelalamika.

Miezi kadhaa baadaye mama alinipigia simu, akasema kompyuta inadai kwamba diski imejaa. Nilipofika nilikuta diski ina nafasi tupu ya gigabaiti 212 na ushei. Ushei huo ndio uliokuwa kiini cha tatizo. BDE huishika hesabu ya nafasi tupu kwa namba ya biti 32, ambayo ikifika 4,294,967,296 huanza tena kwenye sifuri, kwa hiyo nafasi ikizidi kidogo tu kigawe chochote cha gigabaiti 4, injini huona imebaki hiyo ziada peke yake. Walioiandika hawakuwa na sababu ya kuwazia diski za ukubwa huo. Niliandika programu ndogo inayopima nafasi kabla ya katalogi kufunguka na, inapobidi, kuunda faili kubwa lisilo na maana ili hesabu iondoke kwenye kigawe. Msaidizi alipouliza faili hilo ni la nini, mama alimjibu, "Hilo ni la kuidanganya injini, usiliguse."

Siku hiyo hiyo niliyatoa majedwali yote katika umbo la CSV, yaani maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mkato, ili yaweze kusomwa hata siku Windows itakapoacha kupokea programu za biti 32. Majina ya vitabu na ya waandishi yalitoka bila taabu. Maelezo marefu, ambayo Paradox huyaweka kwenye mafaili yake ya .MB, yalihitaji kutolewa kwa njia ya peke yake, na ndiyo yaliyonichelewesha pale hadi jioni.