Nilisema inapendeza

Leo binti yangu karudi shule na kazi ya kuandika: chombo cha anga Columbia, 2003.
"Mama, si ulikuwa hapa hapa Dallas?"

Nilikuwepo. Nina miezi mitatu tu tangu nitoke Tanga, baridi bado inanitoa machozi.
Jumamosi, Februari 1, saa mbili asubuhi. Nimetoka zamu ya usiku, niko kituoni nasubiri basi, miguu imevimba.
Anga jeupe, halina hata wingu.

Ukapita mstari mweupe, unang'aa. Nikadhani ndege.
Mara ukagawanyika. Miwili, mitatu, kisha vipande vingi vikifuatana kama kumbikumbi.

Nikamgusa bega mzee aliyekaa karibu yangu, nikamwonyesha kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: tazama, inapendeza!
Akatabasamu. Tukatazama wote mpaka ikafifia.

Nyumbani nikawasha runinga. Kumbe ule mstari ulikuwa Columbia, inavunjika ikirudi duniani. Watu saba ndani, wote wamekufa. Zilibaki dakika kama 16 tu watue Florida. Baadaye wakasema kipande cha povu kavu la kufunika tangi la mafuta kiliugonga ubawa wa kushoto tangu siku ya kuruka, Januari 16. Povu jamani!

Binti kaandika yote hayo vizuri, na majina yao saba.
Mimi nimekwama kwenye lile neno. Inapendeza. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo jikoni, nikimenya vitunguu.
Naye hakusema kitu, kanikumbatia tu.

Mliokuwa Texas siku ile, mliona? Mlidhani ni nini?