Busti baadae, bloku kwanza

Mtu akitaka injini ya mashindano anawaza turbo kubwa ya kuongeza busti (hewa inayosukumwa kwa nguvu kwenye silinda), pistoni za kufua, konrodi nene, afu vyote anavipandisha kwenye bloku (bodi ya injini yenye silinda) ileile ya barabarani bila hata kuipima. Mi naona hapo ndo hela inapoungua.

Chukua bloku za alumini zilizo wazi juu, kama Honda B-series. Ukivua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, unaona silinda zimesimama zenyewe katikati ya njia za maji, huku juu hazijashikwa na kitu. Kwa gari ya kawaida haina noma, maji yanapoza vizuri na kiwandani ni rahisi kusubu. Ila ukishaongeza busti kila mlipuko unasukuma pistoni ukutani, silinda inayumba kidogo, yani kidogo sana, na hedi gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, inasuguliwa mpaka inaachia. Mwenye gari anabadili gasketi, anabadili tena, anailaani gasketi bure.

Kuna zile pete za kugongelea juu kati ya silinda na ukuta wa bloku. Sizipendi. Zikiingia kwa kubanana sana zinapinda silinda, na zinabana maji palepale penye joto kali. Bora slivu nene za chuma (bomba zinazokuwa ukuta wa silinda) zinazoegemeana juu, ila hiyo kazi inataka mashine ya uhakika na fundi asiye na haraka.

Na si lazima bloku iwe ya ajabu, injini ya BMW iliyompa Nelson Piquet ubingwa wa Formula 1 mwaka 1983 ilijengwa juu ya bloku ya chuma ya M10, injini ya magari ya kawaida tu!

Huku chini angalia kepu za kreni, yani vifuniko vinavyoshika krenkshafti kwenye bloku. Ukikuta sehemu kepu inapokalia bloku pana alama za kusuguana, jua ilikuwa inatembea. Weka stadi ngumu (misumari ya nyuzi inayofungwa kwa nati) badala ya bolti, ikibidi na kepu za chuma imara, lakini ukishabadilisha tundu za beringi zipimwe upya maana mkazo wake si uleule. Silinda nazo zichongwe bamba zito likiwa limefungwa juu kwa toki (nguvu ya kukaza) ileile ya hedi, la sivyo utachonga duara safi afu ukifunga hedi linapinda.

Kumimina zege maalum kwenye njia za maji, sawa, inakaza kweli. Ya kujaza mpaka juu waachie wa dragi, wale wa mbio fupi za kunyooka, wao wanakimbia sekunde chache wanazima. Nusu inatosha kwa wengine, ila oili itachemka zaidi, so tafuta kipoza oili (oil cooler) mapema, na umimine kabla ya kuchonga silinda, sio baada.