Ninavyozuia siku za mionzi zisipotee

Utafiti wangu ni wa tiba ya saratani ya kichwa na shingo. Nikipokea faili la mgonjwa aliyerudiwa na uvimbe, natazama tarehe kwanza. Mpango wa kawaida wa mionzi ni grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa dozi 35, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani. Ukianza Jumatatu unamaliza siku ya 47. Ukianza Alhamisi ni 49, kwa sababu ya wikendi tu. Seli za saratani zinazosalia baada ya wiki kama nne huzaana kwa kasi, na kila siku inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1. Jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 2003 lilitoa dozi 6 kwa wiki badala ya 5, jumla ile ile, na waliodhibitiwa uvimbe kwa miaka 5 wakapanda kutoka asilimia 60 hadi 70.

Siku nyingi hupotelea mdomoni, kwa hivyo naanzia huko. Jino bovu ling'olewe angalau siku 14 kabla ya dozi ya kwanza. Wiki 3 ni bora. Taya lililokwisha kupigwa mionzi halina damu ya kutosha kuponya shimo la jino, na mfupa huweza kufa. Kisha napima kwa rula nafasi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, mdomo ukiwa wazi kabisa. Chini ya milimita 35 ni taya lililokaza. Kwa watafunaji wa tambuu na popoo sisubiri mionzi: "Mzee, ulikuwa ukiiweka shavu gani?" Mara nyingi shavu hilo limeshakuwa gumu. Zoezi la kulegeza taya ni vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi, vikipangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno, na kuongezwa kimoja taya likilegea. Likiuma sana, unapunguza.

Sukutuo ni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi na 1 cha bekingi soda. Hapa ndipo watu hukosea dukani: si hamira ya mahamri, si bekingi pauda, wala si magadi ya kuivishia maharagwe. Mgonjwa asukutue kila baada ya saa 2 au 3 akiwa macho, ateme, na kesho atengeneze mapya. Dawa za kusukutua zenye alkoholi huchoma tu. Vidonda huanza wiki ya 2 au ya 3. Hapo mofini ya maji, ya kutuliza maumivu, inywewe kama nusu saa kabla ya kula, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Achari, ndimu, ukwaju na pilipili vikae kando. Uji wa wimbi wenye maziwa na siagi ya njugu hupita vizuri. Madafu nayaruhusu kwa kipimo, kwani yana potasiamu nyingi na sisplatini huweza kuumiza figo. Ramadhani ikiangukia katikati, nazungumza na familia mapema: mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Uzito hupimwa kila Jumatatu, mizani ile ile. Akipungua asilimia 5 ndani ya mwezi, tunazungumzia mrija wa puani, ila aendelee kumeza japo maji, koo lisisahau kazi. Akikonda, barakoa ya plastiki inayoshikilia kichwa hulegea na miale huweza kukosa shabaha. Basi barakoa hufinyangwa upya na mpango kupigwa hesabu tena, na hizo ni siku zimekwenda. Misuko nayo huleta shida hiyo hiyo: kichwa kilichosukwa siku ya barakoa kisifumuliwe hadi dozi ya mwisho. Mimi huomba nywele zifumuliwe kabla. Mtandio pia huvuliwa, kwa hivyo mama wa Kiislamu nampangia mhudumu wa kike.

Anayevuka Likoni simpi zamu ya asubuhi mapema. Foleni ya feri haina ahadi. Mashine ikiharibika, siku hufidiwa Jumamosi, au dozi mbili siku moja zikiachana saa 6 au zaidi, tishu zilizo salama zipate muda wa kujikarabati. Zamu hizo mbili naziandika kwenye kadi ya mgonjwa siku ile ile mashine inaporudi.